Tofauti ya Presha: Mhadhara kwa Mafundi na Manahodha wa Kismayu na Visiwa vya Wabajuni



Nitasema kwanza lile lililonileta. Katika mji huu gari likikosa nguvu, likila mafuta kupita kiasi au likichelewa kuwaka asubuhi, fundi husikiliza, hunusa, kisha hutaja kifaa. Mara nyingi hutaja pampu. Pampu huagizwa, hufungwa, na kama ugonjwa umebaki palepale, hutajwa kifaa cha pili, kisha cha tatu. Kismayu si mahali pa kufanyia kazi namna hiyo. Kifaa hapa huja kwa jahazi au meli kutoka Dubai, au hupitia Mombasa na Mogadishu, na siku zote hizo mwenye gari amekaa bila riziki. Presha ya mafuta haina sauti wala harufu ambayo fundi, hata awe bingwa, anaweza kuisoma kwa sikio au kwa pua. Husomwa kwa geji. Fundi mwenye geji na subira anaweza kujua kilichoharibika kabla mwenye gari hajatoa hata shilingi moja ya kununulia kifaa, na hilo ndilo ninalotaka mtoke nalo hapa.

Simlaumu yeyote kwa desturi tuliyo nayo, maana ina sababu yake. Waliokuwa mafundi hapa kabla ya vita vya 1991 walijifunzia kwenye kabureta. Pampu ya kabureta husukuma petroli kwa presha ndogo sana, kati ya kilopaskali 20 na 40, na kazi yake ni kujaza bakuli tu. Ndani ya bakuli mna boya na sindano. Petroli ikijaa, boya hupanda na sindano hufunga. Presha ikizidi kidogo sindano huizuia, ikipungua kidogo bakuli lina akiba. Kwa injini ya namna hiyo fundi aliweza kuishi umri wake wote bila geji, na kazi yake ikawa nzuri. Kisha vita vikatutawanya. Wabajuni wengi walivuka kwenda Lamu, Malindi na Mombasa, wakaishi kambini Jomvu na kwingineko, na mnyororo wa fundi na mwanafunzi wake ukakatika. Watu waliporudi, magari yaliyokuwa yakishushwa bandarini yalikuwa mengine kabisa: Mark II, Hilux Surf, Noah, Probox, magari ya Japani yenye usukani wa kulia katika nchi ambayo watu huendesha upande wa kulia. Ukifungua boneti, kabureta haipo. Na mzee ambaye angekaa na kijana amweleze kilichochukua nafasi yake, hayupo.

Kilichochukua nafasi yake ni injekta na kompyuta. Mfumo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa wingi ulikuwa D-Jetronic wa kampuni ya Bosch, uliofungwa kwenye Volkswagen mwaka 1967, na mpaka leo msingi wake ni uleule. Shikeni neno hili moja, kwa sababu mengine yote yanatoka humo: kompyuta ya injini ya petroli ya kawaida haipimi petroli. Hupima hewa inayoingia, huhesabu petroli inayohitajika, kisha hufungua injekta kwa muda fulani, muda mfupi sana, milisekunde mbili au tatu injini ikinguruma bila kukanyagwa. Inahesabu muda tu. Kwamba nyuma ya injekta kuna presha sahihi, hilo kompyuta inalichukulia kuwa kweli. Presha ikiwa si sahihi, hesabu yote imeharibika kabla haijaanza, na kila sensa uliyobadilisha ilikuwa nzima.

Imeharibika kwa kiasi gani? Petroli inayopita kwenye tundu la injekta hufuata kipeuo cha pili cha presha, yaani mzizi wake wa mraba. Presha ikishuka kutoka kilopaskali 300 hadi 200, petroli haipungui kwa theluthi. Inapungua kwa asilimia 18 hivi. Kompyuta ikitaka kufidia upungufu huo lazima irefushe muda wa injekta kwa asilimia 22. Kumbukeni namba hiyo ya 22, nitairudia tutakapofika kwenye mashine ya kusomea kompyuta.

Sasa regulata. Wengi huidhani ni kifaa cha kushikilia namba moja isiyobadilika, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Injekta ina pande mbili. Nyuma yake kuna petroli ya reli, yaani bomba linalogawa petroli kwa injekta zote, na mbele ya mdomo wake kuna hewa ya manifoldi. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, mlango wa hewa umefungwa karibu wote, pistoni zinavuta, na presha ndani ya manifoldi inashuka chini ya ile ya nje kwa kilopaskali 60 hivi. Sisi tuko usawa wa bahari, basi vakyumu yetu ni kamili. Fundi wa Nairobi, aliye nyanda za juu, huona ndogo kuliko hii, kwa hiyo msichukue namba zake mkazileta huku. Vakyumu hiyo huivuta petroli kutoka mdomoni mwa injekta. Kama presha ya reli ingebaki palepale, injekta ingemwaga petroli nyingi wakati injini haina kazi, na kidogo wakati mguu umekanyaga na mzigo ni mkubwa.

Ndiyo maana regulata ya Mark II za miaka ya 1990 na za wenzake imefungwa mwisho wa reli na ina mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifoldi. Ndani mna diaframu. Upande mmoja petroli inaisukuma, upande wa pili springi inaizuia, na ule mpira huleta vakyumu upande wa springi. Vakyumu ikiwa kubwa, springi hupunguziwa nguvu, vali hufunguka zaidi, petroli nyingi hurudi tangini, na geji hushuka. Ukikanyaga mafuta vakyumu hupotea, springi hurudi na nguvu zake zote, na geji hupanda. Manahodha watanielewa upesi: ni sawa na mtu aliyeshika demani ya tanga, akilegeza na kukaza kufuata upepo ili chombo kibaki kwenye mwendo wake. Kinachoshikiliwa na regulata ni tofauti kati ya reli na manifoldi, na ili tofauti hiyo ikae, namba ya geji lazima itembee.

Kwa hiyo fundi akiona mshale wa geji unasimama 240, kisha unaruka hadi 290 anapokanyaga, asiseme regulata haitulii. Hiyo ni regulata nzima. Ya kutiliwa shaka ni ile inayosimama 290 wakati wote.

Kabla ya namba, hadhari. Petroli yenye presha ya kilopaskali 300 ukiifungulia ghafla hutawanyika hewani matone madogo madogo, na cheche moja inatosha kuchoma gari, gereji na aliyemo. Toeni kwanza fyuzi au relei ya pampu, washeni injini ingurume mpaka izime yenyewe, kisha pigeni stata mara moja tena. Baada ya hapo ndipo mfungue nati, na kitambaa kimezungushwa. Jiko la mkaa la chai lisiwepo karibu. Sigara isiwepo. Mpira wa geji uwe wa petroli; mpira wa upepo wa tairi hulainika na kupasuka, nao hupasuka ukiwa umeinama juu yake.

Geji huungwa kati ya chujio na reli, kwa kipande cha njia tatu na vibano, kisha fyuzi au relei hurudishwa. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo kuna kisanduku kidogo cheusi cha vituo chini ya boneti, na ndani yake mna tundu liitwalo FP na jingine liitwalo +B. Ukiziunganisha kwa waya mfupi na ufunguo ukiwa umewashwa, pampu hufanya kazi bila injini kuwaka. Hapo geji inapaswa kusoma kati ya 265 na 304. Geji nyingi za huku zimeandikwa pauni na kilo: kilopaskali 100 ni pauni 14.5 au kilo moja hivi, basi mtaona pauni 38 hadi 44. Kisha ondoeni waya, washeni injini: kwa mpira wa vakyumu uliofungwa, namba ishuke hadi kati ya 206 na 255 hivi. Vueni mpira na uzibeni kwa kidole: irudi 265 hadi 304. Mwisho zimeni injini, msiguse chochote kwa dakika 5. Geji isishuke chini ya 147.

Ni masomo manne, na kazi yote haizidi nusu saa.

Tuanze na namba zilizozidi. Geji inasoma 290 injini ikinguruma na mpira umefungwa. Kitu cha kwanza kuangalia ni mpira wenyewe, maana kwa jua letu na chumvi hii mpira wa vakyumu hukauka, hupasuka kwenye mkunjo, na ufa wake hauonekani mpaka uukunje kwa mkono. Ukiwa mzima, uvueni na muunuse, kisha uangalieni ndani kwa tochi. Ukikuta petroli, hata tone, diaframu imetoboka. Manifoldi inanyonya petroli mbichi kupitia mpira, kompyuta haina habari nayo, moshi mweusi unatoka, plagi zimekuwa nyeusi, na gari likizimwa likiwa na moto huchelewa kuwaka kwa sababu injini imelowa. Msiliache gari hilo liendelee kutembea. Petroli inayozidi hupita kando ya ringi, huingia kwenye oili, na oili hiyo haiwezi tena kulinda beringi. Chomoeni kijiti cha oili mnuse. Ikinuka petroli, mwageni oili pamoja na kubadilisha regulata.

Lakini kama mpira ni mkavu na mzima, na geji inapita 304 hata 350 au 400, msiiandikie regulata hukumu bado. Petroli inayorudi tangini ina bomba lake, nalo hupita chini ya bodi. Njia ya pwani kwenda kusini ni mchanga na majabali, watu hupandisha gari kwa jeki popote jeki inaposhika, na bomba hilo hubonyea. Au fundi aliyetangulia ameunganisha kipande cha mpira usio wa petroli, nao umevimba ndani mpaka tundu limekaribia kuziba. Fungueni mpira wa kurudishia kwenye regulata, ingizeni mpira mwingine uende ndani ya dumu, mwashe pampu. Namba ikirudi mahali pake, regulata ni nzima na bomba ndilo mgonjwa. Ikibaki juu, sasa semeni regulata imekwama.

Kuna jambo moja ambalo limewaponza mafundi wengi wa nchi za joto. Toyota nyingi za wakati huo, zikiwemo Land Cruiser na Hilux Surf za petroli, zina vali ndogo ya umeme iliyofungwa katikati ya ule mpira wa vakyumu. Gari likizimwa likiwa na moto mkali, petroli iliyobaki kwenye reli hukaribia kuchemka. Mtu akiwasha tena, kompyuta hufunga vakyumu kwa muda mfupi makusudi, ili presha ipande na petroli isigeuke mvuke ndani ya reli. Sasa fikirieni gari limetoka Jamaame saa sita mchana, likazimwa mlangoni mwa gereji, fundi akaunga geji na kuwasha. Anaona 290 na mpira umefungwa. Anasema regulata imekufa. Angesubiri dakika kadhaa angeiona namba ikishuka yenyewe. Basi masomo ya presha chukueni mara mbili, injini ikiwa baridi na ikiwa moto, na ya moto msiyaamini mpaka injini imenguruma kidogo.

Namba zilizopungua zina wagombea wengi zaidi, na hapa ndipo pampu husingiziwa. Geji inasoma 180 badala ya 290. Shikeni mpira wa kurudishia, ule laini ulio baada ya regulata, mwubane kwa koleo lenye meno yaliyofunikwa kitambaa. Mbano uwe wa sekunde moja au mbili tu, macho yakiwa kwenye geji, maana pampu nzima ikifungiwa njia inaweza kufika 500 na zaidi na kupasua mpira dhaifu. Presha ikiruka juu, pampu ina nguvu, na kinachoipoteza petroli ni regulata iliyokaa wazi, kwa uchafu au kwa springi iliyochoka. Presha isipopanda, regulata haina kosa. Rudini nyuma kuelekea tangini.

Na mkirudi nyuma, msianze na pampu. Anzeni na umeme. Chumvi ya hapa huingia kwenye plagi za waya na kwenye mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, shaba hugeuka kijani, na umeme hupungua njiani. Pimeni volti kwenye plagi ya pampu pampu ikiwa inafanya kazi, kamwe isiwe imechomolewa, kwa sababu waya mbovu usio na mzigo husoma vizuri na kumdanganya fundi. Betri ikisoma 13.8 na pampu ikapata 11.5, volti mbili na zaidi zimepotea kwenye waya, relei au bodi. Pampu mpya mtakayoifunga hapo itakuwa dhaifu vilevile. Ninaamini pampu nyingi zilizotupwa katika pwani hii zilikuwa hazina ugonjwa mwingine ila waya.

Mwenye mita ya kubana waya aongeze kipimo cha ampea. Pampu nyingi za magari haya hula kati ya ampea 4 na 7. Ikila kidogo na presha iko chini, inazunguka bila mzigo: petroli haiifikii, au regulata iko wazi. Ikila nyingi, inasukumana na chujio lililoziba au imeanza kusagika. Kisha fungueni petroli iende kwenye dumu kwa nusu dakika. Nusu lita ndiyo angalau.

Somo la nne, lile la dakika 5, huwaeleza wale wenye gari linalohitaji stata ndefu kila asubuhi. Presha ikianguka haraka, petroli inatorokea moja ya njia tatu. Mkibana mpira wa kurudishia mara tu baada ya kuzima na presha ikakaa, ilikuwa inapitia regulata. Mkibana ule unaotoka tangini na ikakaa, ni vali ndogo ya kuzuia iliyo ndani ya pampu. Ikianguka hata mkibana yote miwili, injekta zinadondosha, na plagi ya silinda husika itawaonyesha ni ipi.

Probox haifuati njia hii, na Probox ziko kila kona. Injini yake ya 1NZ-FE haina bomba la kurudishia wala mpira wa vakyumu. Regulata imo ndani ya tangi pamoja na pampu, presha husimama kati ya 304 na 343 wakati wote, na kompyuta ndiyo inayojua vakyumu ya manifoldi na kurekebisha muda wa injekta. Humo hakuna cha kubana. Mnasoma geji, mnapima volti kwenye plagi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, na vyote viwili vikieleza kwamba tatizo liko ndani, mnafungua tangi. Ndani kuna soksi ya kuchuja, kuna chujio, kuna regulata, na kuna mpira mdogo wa duara unaoziba regulata mahali pake. Mpira huo ukiwekwa bila kulainishwa hukatika wakati wa kufunga. Pampu mpya, presha bado ndogo, na kila mtu anashangaa, kumbe petroli inavuja ndani ya tangi lenyewe na hakuna tone linaloonekana chini.

Niliahidi kurudi kwenye namba ya 22. Vijana wengi sasa wana kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Ni kizuri, ila wengi hukitumia kusomea kodi za hitilafu tu, wakiona P0171 wanabadilisha sensa ya oksijeni. Kifungueni kwenye ukurasa wa marekebisho ya muda mrefu. Kompyuta ikiongeza asilimia 20 na zaidi, inafidia hewa iliyozidi au petroli iliyopungua. Mtatofautishaje? Kanyageni mafuta mpaka mizunguko 2500 na muitazame namba. Kama manifoldi inavuta hewa kwenye ufa, kosa ni kubwa injini ikiwa haina kazi, nalo hupungua mizunguko ikipanda, kwa kuwa hewa ya ufa inakuwa sehemu ndogo ya hewa yote. Kama presha ya petroli ndiyo dhaifu, namba huzidi kuwa mbaya kadiri mzigo unavyoongezeka. Namba iliyo karibu na 22, inayopanda mkiwa kwenye mchanga mzito, inawaambia muende mkaunge geji kabla ya kununua sensa yoyote.

Na geji ikisoma sawasawa masomo yote manne, iaminini. Hapo tazameni petroli yenyewe. Petroli yetu hukaa kwenye mapipa, humiminwa kwenye madumu, huuzwa kwa chupa kando ya barabara, na safari ya kwenda visiwani huongeza maji ya bahari. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, lita ya maji gramu 1000, kwa hiyo maji hukaa chini ya tangi, palepale soksi ya pampu inaponyonya. Jazeni chupa ya kioo, iacheni nusu saa, mtayaona maji yamejitenga chini. Kujua kama imechanganywa na mafuta ya taa, dondosheni tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka na kupotea, mafuta ya taa huacha doa la grisi. Maji ya chumvi yakikaa wiki kadhaa kwenye regulata hula kiti cha vali, na hapo mtu hubadilisha regulata kila baada ya muda bila kujua kwamba anayeiua ni muuza mafuta.

Kuhusu dizeli nitapita haraka, kwa sababu yenye reli inahitaji siku yake. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ haina reli ya presha wala kompyuta ya kuisimamia. Mgonjwa wake wa kawaida ni hewa inayonyonywa njiani, na kipande cha mpira wa kuonekana ndani, kikiwekwa kabla ya pampu, kitaonyesha mapovu. Hilux na Prado za D-4D zenye injini ya 1KD-FTV ni jambo jingine kabisa. Reli yake hubeba kilopaskali 30,000 hadi 40,000 injini ikinguruma tu, na hukaribia 160,000 kwenye mzigo. Presha hiyo hutoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na mtu anaweza kukatwa mkono. Msilegeze nati ya reli injini ikiwa inawaka, na msitafute uvujaji kwa kidole. Huko presha husomwa kwenye kompyuta. Kodi P0087 husema presha imeshindwa kufika, P1229 husema pampu inasukuma kupita inavyoamriwa, na mara nyingi kinachokwama ni vali ya kudhibiti unyonyaji iliyo kwenye pampu kubwa. Ila kabla ya kuilaumu, badilisheni chujio, mwageni maji ya chini ya chujio, na pimeni dizeli inayorudi kutoka kila injekta kwa chupa nne zilizo sawa. Injekta inayojaza chupa kuliko wenzake ndiyo inayoiba presha ya reli.

Manahodha, mlidhani nimewasahau. Mashini ya boti ya kabureta ya mapigo mawili, ambayo ndiyo mnayoijua zaidi, haina regulata. Hiyo ikizima katikati ya bahari tazameni kwanza skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi, kisha ile puto ya kubonyeza. Puto ikinyauka na kushikana wakati mashini inafanya kazi, kuna kizuizi kati yake na tangi, au tangi halipumui. Lakini mashini za mapigo manne zenye injekta zimeanza kuzoeleka, nazo zina kila kitu nilichoeleza leo: pampu ya presha, regulata, na chombo kidogo cha kutenga mvuke ambamo petroli hurudi badala ya kwenda mpaka tangini. Presha yake nyingi ni karibu ileile 300, namba kamili mtaikuta katika kitabu cha mashini yenyewe. Geji ileile ya gari hufaa. Tofauti ni kwamba gari likizima kati ya Kismayu na Goobweyn mtu hushuka akatembea, na mashini ikizima nje ya kisiwa cha Chovai wakati wa kusi, chombo huchukuliwa na mawimbi kwenda kwenye mwamba. Kwa hiyo mashini ya injekta ipimwe presha kabla ya kusi kuingia, ikiwa ingali nzima, na chujio la kutenga maji lifungwe kati ya tangi na mashini.

Kuhusu vifaa nina pendekezo. Geji ya petroli yenye kipimo mpaka kilopaskali 700 hupatikana kwa bei ndogo kuliko pampu moja ya asili. Gereji ambayo haiwezi kuinunua peke yake ishirikiane na ya jirani. Visiwani, ningependa kila kisiwa chenye watu, kama Chula, Chovai na Koyama, kiwe na geji moja inayokaa kwa mtu anayeaminiwa, na Bur Gavo nayo iwe na yake.

Pamoja na geji kuwe na daftari. Kila gari na kila mashini inayopita mikononi mwenu, hata iliyokuja kwa breki au kwa taa tu, ipimeni ikiwa nzima, na mwandike: aina ya injini, presha bila vakyumu, presha kwa vakyumu, presha baada ya dakika 5, volti za pampu, injini baridi au moto, na petroli ilikotoka. Vitabu vya kiwanda havikuandikiwa petroli ya mapipa wala joto la Kismayu, na namba za magari mazima ya mji huu hakuna aliyeziandika. Vijana walioko hapa ndio wataziandika, na geji iliyoko mezani itazunguka sasa hivi mkono kwa mkono ili kila mmoja aishike na aone inavyofungwa.